Mwaka Mfuko Ulipokuja Kula Kwetu

Tulimzika Baba Mkubwa Osmund siku ya Alhamisi, katika manyunyu yale ya Litembo yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Katekista alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akapanda kahawa, akaongoza jumuiya miaka mingi. Halafu akakohoa kidogo, akapandisha sauti. “Marehemu alimsomesha binti wa mdogo wake hadi shahada ya uzamivu, bila kumwomba mtu senti tano.” Watu wakageuka kunitazama. Bibi mmoja aliyesimama kando yangu akanifinya mkono kwa furaha. Niliinamisha kichwa, wakadhani nalia. Nani alie? Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo nimeishi nayo zaidi ya miaka ishirini, nimekwenda nayo kanisani na kurudi nayo nyumbani. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, nami simsemi vibaya. Nasema tu yaliyotokea mwaka ule, kwa sababu sentensi ile ya katekista ni kweli tupu na bado inanichoma.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, msaidizi wa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha mbali na nyumbani, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uzamivu. Nafasi nilipata, fedha sikupata. Watu wasiojua mambo ya chuo wanadhani ukishakubaliwa umemaliza. Wapi! Barua ya kukubaliwa ni ruhusa ya kuanza kuhangaika. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Mwanaidi, mwenzangu wa idara, Mtanga mwenye mdomo usio na breki na roho isiyo na choyo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha lililotazamana na tangi la maji, na jiko la umeme la koili moja ambalo tulilificha chini ya kitanda msimamizi wa hosteli akipita. Chakula cha jioni kilikuwa zamu: siku yangu ugali na maharage niliyotumiwa kutoka nyumbani, siku yake wali wa nazi. Na mazungumzo yalikuwa hayohayo kila siku, fedha ya uzamivu inatoka wapi. Siku moja alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaniambia bila kuinua macho, “Sikiliza, Editha. Hiyo PhD yako ina waume watatu wa kuchagua, na wote wana kasoro. Wa kwanza mwajiri. Huyo ni mwema, atakulipia ada na mshahara utaendelea kula, lakini ana foleni ya wachumba, na wewe uko nyuma ya watu wenye mvi. Wa pili Profesa. Huyo anakuoa leo leo, ana mradi, ana gari, ana dola. Ila mtoto akizaliwa, jina anatoa yeye. Wa tatu ni kujilipia, na huko ni kuolewa na njaa.” Nikamuuliza, “Na ule Mfuko wa ufadhili?” Akacheka. “Mfuko ni posa ya mbali, mwanangu. Hao wanakuja kwanza kwenu kukuangalia.”

Profesa aliyemsema ndiye angekuwa msimamizi wangu. Mradi wake ulihusu mikopo ya pembejeo katika mkoa ambao sijawahi kukanyaga, na ulikuwa na fedha za wanafunzi wawili, ada, posho, safari za utafiti, kila kitu. Aliniita ofisini, akanimiminia chai mwenyewe, akaniambia, “Binti, mada yako ni nzuri, lakini mada nzuri hailipi ada. Andika ya kwangu sasa, ya kwako utaandika ukishakuwa daktari.” Ulikuwa ushauri wa mtu mzima, naujua leo. Siku ile nilimwona kama mtu anayetaka kuninunua. Nikamwambia nitafikiria, nikatoka, nikafika chumbani nikamwambia Mwanaidi kwamba mimi siandiki tasnifu ya mtu. Mwanaidi akanitazama, akasema, “Sawa, malkia.” Wiki ileile akaenda kuchukua nafasi moja ya mradi. Alimaliza kwa miaka minne, bila kukopa, bila kulia.

Mada yangu mimi ilikuwa wanawake wa njia ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Wanawake wa milimani kwetu hushuka na maharage na mahindi hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hubadilishana na wanawake wa huko, wakapandisha usipa mkavu hadi masoko ya Mbinga. Nilitaka kujua bei inapangwaje mahali ambapo shilingi haitoki mfukoni, nani anamwamini nani, na mwaka wa njaa anapunjwa nani. Nilikuwa nimeipenda mada ile kama watu wanavyopenda mtu. Mwezi Machi nilitumia akiba yangu kwenda huko wiki mbili, kutazama kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Barabara ya lami ya leo haikuwepo. Nilipanda lori la mahindi mpaka Kingerikiti, kutoka hapo nikashuka kwa miguu na kina mama waliobeba vichwani magunia ambayo mimi nisingeweza hata kuyainua. Ufukweni nilipokelewa na Mama Stela, mjane aliyekuwa akianika usipa juu ya vichanja vya mianzi. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa kinachonuka samaki na moshi, na mlango uliofunguka moja kwa moja ziwani. Tulikula usipa kwa ugali wa muhogo asubuhi na jioni. Siku ya tatu, baada ya kuniona nikiandika kila bakuli la maharage lililobadilishwa na bakuli la usipa, akaniuliza, “Mwalimu, na wewe nani anakulipa kwa kazi hii?” Nikamjibu kwamba bado hakuna. Akatikisa kichwa. “Basi wewe unalima shamba ambalo mwenyewe hajasema kama analitaka.” Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, ila lilinikaa moyoni safari nzima ya kurudi.

Mfuko ule, jina lake sitalitaja, ulisaidia watu wa uzamivu wa utafiti tu, wale wa tasnifu nzima, siyo wa masomo ya darasani. Na ulisaidia wale ambao hawana njia nyingine, waliotoka vijijini. Ukipita kwenye mchujo wa pendekezo, maofisa walikuja nyumbani kwenu kujiridhisha. Mimi nilipita. Tulikuwa tumebaki wachache, na mwezi wa saba nikapigiwa simu: wageni wawili watafika kwenu Jumamosi fulani ya mwezi wa nane. Mwanaidi alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikampigia Baba Mkubwa kupitia simu ya katekista. Na hapa naomba nisijifiche, maana kosa la kwanza lilikuwa langu. Ilinipasa kumwambia waziwazi, Baba Mkubwa, wanakuja kuona kwamba hatuna. Sikumwambia. Utamwambiaje mzee aliyekulea tangu baba yako afariki kwamba watu wanakuja kuukagua umaskini wake? Nikasema, “Wanakuja kunifahamu kwetu, Baba Mkubwa. Ni watu wakubwa kidogo.” Akasema kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa kazi, “Waje. Tutawapokea.”

Nilifika nyumbani siku mbili kabla yao, nikasimama njiani nikidhani nimepotea. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Sebuleni kulikuwa na makochi ya katekista na vitambaa vyake vya kufuma, meza ya kioo ya mwalimu mkuu, viti vya plastiki vya parokia vimepangwa ukutani. Sabina, binti wa mwisho wa Baba Mkubwa, alikuwa uani akipiga pasi mapazia ya kuazima kwa pasi ya mkaa. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo, mwembamba, mcheshi, amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Alikuwa anasubiri mwezi wa kumi aanze. “Dada Editha, umeona ikulu yetu?” akanichekea. “Usiguse kitu, kila kimoja kina mwenyewe.” Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa vichanja vya kahawa. Mwaka ule chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ilikuwa imeshambulia mibuni yetu, tunda likakauka jeusi mtini, na nilijua tumechuma kidogo mno. Sasa vichanja vyote vinne vilijaa kahawa ya maganda, nyeupe, safi, imesambazwa vizuri. Nikamkuta Baba Mkubwa akiigeuza kwa mikono yake. “Shikamoo, Baba Mkubwa.” “Marahaba, mwanangu. Umefika salama?” “Salama. Hii kahawa ya nani?” Hakuacha kugeuza. “Ya kwetu. Mpaka Jumamosi jioni.”

Majirani watatu walikuwa wamebeba kahawa yao wenyewe na kuimwaga kwetu. Hakuna aliyeombwa mara mbili. Kwa Wamatengo wa umri wake, wageni wakija kumwangalia binti, binti hatoki katika nyumba yenye vichanja vitupu. Ni heshima ya ukoo, na heshima ya ukoo ni ya kijiji kizima. Mtu akija kuposa, anaonyeshwa kwamba hapa hakuna njaa, mtoto wetu hatumtupi, ukimtesa ana pa kurudi. Walimfanyia Mfuko yale ambayo wangewafanyia washenga. Nilijikaza, nikasema, “Baba Mkubwa, hawa wanasaidia watu wasio na uwezo.” Ndipo akasimama wima, akajifuta mikono kwenye suruali, akanitazama. “Kwa hiyo uliwaambia huna baba?” Nikasema hapana. “Basi,” akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumamosi saa sita mchana gari lilifika. Alishuka Bwana Elias, mtu mzima mpole mwenye koti zito kwa ajili ya baridi yetu, pamoja na dada mmoja kijana mwenye fomu kwenye ubao wa kuandikia. Wakapokewa na wazee saba wa ukoo waliovaa makoti ya Pasaka. Wakapewa togwa, wakaonyeshwa mibuni, wakapitishwa kando ya vichanja taratibu kama wanaopitishwa kwenye maonyesho. Kisha chakula: wali, mbuzi wa kuchoma na wa mchuzi, kuku wawili, chapati. Mama Mkubwa alikuwa ameweka na sahani ya usipa, akiwaza kwamba wageni wataifurahia maana ndiyo mada yangu. Baba Mkubwa alipoiona akaisukuma nyuma ya pazia kwa mguu. “Watadhani ndicho tunachokula,” akanong’ona. Ndicho tulichokuwa tunakula.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Msomi wa uzamivu mtarajiwa, nimejifunga khanga kiunoni, nachota mchuzi. Jiko lilitenganishwa na sebule na ukuta wa mbao zilizoachana, kila neno lilipita. Nilimsikia Bwana Elias akisifu chakula, akiuliza habari za bei ya kahawa, za watoto. Halafu akauliza swali lenyewe, kwa upole mno, hata leo siwezi kumlaumu. “Mzee, niulize kitu kimoja. Mfuko wetu usipofanikiwa kumsaidia binti huyu, familia ina njia nyingine ya kumsomesha?” Vijiko vikaacha kugonga sahani. Baba Mkubwa akasafisha koo. “Mwanangu, nikuambie. Mdogo wangu aliniachia mtoto huyu akiwa darasa la pili. Tangu siku hiyo hajawahi kurudishwa nyumbani kwa ada, na mimi sijawahi kugonga mlango wa mtu. Mkimpa, ahsante, mtakuwa mmetuheshimu. Msipompa, atasoma. Ukoo huu haujawahi kushindwa na mtoto.” Wazee wakaitikia kwa pamoja, “Ndivyo!” Mmoja akapiga makofi. Na katikati ya makofi nikasikia, nakuapia, mkwaruzo wa kalamu ya yule dada kwenye karatasi.

Jikoni Mama Mkubwa alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la khanga. “Amesema vizuri, baba yenu. Amesema vizuri mno.” Mimi nilikuwa nimeshika upawa, mchuzi unanidondokea mguuni, na sikuusikia moto wake. Hatua nne zingenifikisha sebuleni. Ningeweza kusema, samahani, hii kahawa siyo yetu, makochi siyo yetu, na mzee huyu anadaiwa mbolea. Lakini binti wa kwetu hamsahihishi baba yake mbele ya wageni. Na hata ingekuwa ruhusa, je, ningesema? Nilikuwa na aibu yangu mwenyewe. Yule dada kijana alikuwa na viatu vizuri. Nikachota mchuzi mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu walikuja, wakala, wakaondoka na debe la maharage na jogoo mzima aliyefungwa miguu. Kabla jua halijazama, majirani walikuja na magunia yao kuchukua kahawa, na kijiji kilikuwa na furaha ya harusi.

Barua ilikuja mwezi wa tisa. Waliisifu mada yangu kwa mistari mitatu, halafu wakasema kwamba Mfuko umejiridhisha kuwa familia ya mwombaji ina uwezo na utayari wa kumgharimia. Mwanaidi aliisoma, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akalia kweli. Mwishoni walisema mwombaji anaweza kukata rufaa, kwa tamko la mkuu wa familia kwamba hana uwezo, likiwa na mhuri wa mtendaji wa kijiji. “Nenda kwenu kesho,” Mwanaidi akasema. “Mzee aweke sahihi, basi. Karatasi moja tu. Akikataa, rudi umwambie Profesa ndiyo, nafasi ya pili bado haijachukuliwa, nimemuuliza jana.” Neno hilo la mwisho nalikumbuka vizuri, ingawa kwa miaka mingi nilipokuwa nawasimulia watu kisa hiki nilikuwa naliruka.

Nikasafiri siku mbili. Nilimkuta Baba Mkubwa chumba cha mbele, makochi yamesharudi kwao, amekaa kwenye kigoda chake. Aliisoma karatasi polepole, kidole kikifuata mstari, maana alikuwa mtu aliyejua kusoma na hakupenda kuharakishwa. “Hapa wanataka niseme nini?” “Kwamba hatuna uwezo, Baba Mkubwa.” “Kwa hiyo siku ile, mbele ya ndugu zangu, nilisema uongo.” “Hapana, Baba Mkubwa, siyo hivyo.” “Kama sikusema uongo, basi uwezo tunao.” Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kitu. “Jumapili kuna sengu. Utaitwa.” Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaipiga teke ndoo tupu mpaka ikaingia kwenye migomba. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia mtu aliyenilea, na nikajiona nina haki.

Sengu ni chakula na ni baraza. Zamani kila ukoo ulikuwa nalo kila siku; kwetu lilikuwa limebaki la Jumapili baada ya misa. Kila mke analeta chakula cha jiko lake nyumba kubwa, wanaume wanakula pamoja sahani moja baada ya nyingine, pasiwepo wa kujua nani kapika kizuri na nani kalala njaa, na wakishanawa wanazungumza mambo ya ukoo. Mwanamke haketi pale, ila akiitwa. Niliitwa. Nikakaa mkekani karibu na mlango. Chumba kilikuwa na moshi wa kuni mbichi, mvua ya kwanza ilikuwa inagonga bati, na babu mmoja alikuwa bado anavunja mfupa kwa meno yaliyobaki. Baba Mkubwa hakuzunguka. Alisema neno letu liko kwa wageni, na neno la wazee likishatoka halirudi mdomoni. Alisema ada ya mwaka wa kwanza na nauli za kwenda ziwani zitapatikana. Fedha za Sabina zipo, zile za kahawa ya mwaka jana na za nguruwe wawili. Sabina ni mdogo, atasubiri mwaka mmoja. Wazee wakaguna kukubali. Halafu akanigeukia. “Editha. Unasemaje?”

Nakumbuka nilinyamaza muda mrefu. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi sana, na kila mara kulikuwa na ukimya huo: mvua, moshi, mfupa, na mimi nikipigana na nafsi yangu. Nilijua kuna mlango wa Profesa ulio wazi. Nilijua kwamba nikisema “Baba Mkubwa, Sabina aende, mimi nimepata njia nyingine,” hakuna ambaye angeaibika. Neno la ukoo lingebaki zima, maana ningesoma kama alivyosema. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Ila njia hiyo ingeniondolea mada yangu, ningeandika mikopo ya pembejeo ya watu nisiowajua, na mimi, kama mjuavyo, siandiki tasnifu ya mtu. Kiburi cha Baba Mkubwa nilikuwa nimekiona na kukilaani. Changu nilikiita msimamo. Nikasema, “Ahsante, Baba Mkubwa.”

Mwaka mmoja wa kusubiri haukuisha. Msimu uliofuata chulebuni ilirudi, ada yangu ya mwaka wa pili ikaja kutoka pale ambapo ya Sabina ingetoka, na chuo cha uuguzi kikampa mtu mwingine nafasi. Sabina akaolewa upande wa Kingerikiti. Mume wake hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa kazi, na mwaka wa tatu wa utafiti wangu, nikiwa nimekaa njiani na dodoso langu, nilimwona akishuka mlima na kina mama wengine, gunia la maharage kichwani, mtoto mgongoni. Tulikumbatiana, tukacheka. Nikamhoji. Yumo katika tasnifu yangu, katika jedwali la sura ya tano, bila jina, kama taratibu za utafiti zinavyotaka. Niliimaliza baada ya miaka saba. Baba Mkubwa alikuja kwenye mahafali na koti lake la Pasaka, akasimama kwenye picha akiwa ameshikilia kofia yangu ya udaktari kifuani.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, nilimfuata Sabina jikoni. Ana mvi nyingi sasa kuliko mimi. Alikuwa anasugua sufuria kubwa la msiba kwa majivu, mikono hadi kwenye viwiko. Nikakaa kwenye kibao, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyabeba. “Sabina, nimesikia wasifu ule, nikaumia. Marehemu asemewe mema, lakini baba alituumiza, mimi na wewe. Kiburi chake kilitula sote.” Aliendelea kusugua. “Baba nilishamsamehe zamani, dada,” akasema. “Hakujua namna nyingine ya kuwa mzee. Alisema neno, akalilipia. Kalilipia kwa mtoto wake mwenyewe, siyo wa jirani.” Nikasema ndiyo, lakini. Akanikatiza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenikumbusha bei ya sukari.

“Siku ile ya sengu nilikuwa mlangoni, upande wa nje, nimeshika birika la maji ya kunawa. Hukuniona. Nilisikia baba anasema fedha zangu. Nikaomba, nikasema Mama Maria, dada Editha yumo ndani, dada ni msomi, ana akili ya kupata njia, atakataa. Mimi sikuweza kusema. Waliyemuuliza ni wewe.”

“Nilishindwa, Sabina,” nikamwambia. “Nilinyamaza mpaka wazee wakaanza kutazamana. Nilitaka kukataa, nikashindwa kupata maneno.”

Akaacha kusugua. Akanitazama, siyo kwa chuki, bora ingekuwa chuki. “Dada, hukunyamaza. Baba alikuwa hajafunga mdomo, ukasema ahsante. Ukasema mara mbili.”

Nilifungua kinywa nimbishie. Kazi yangu maisha yote imekuwa kuwauliza wanafunzi, una ushahidi gani? Wangu ulikuwa upi? Wake ulikuwa birika la maji mkononi na masikio ya mtu anayesubiri kuokolewa. Nikainuka, nikachukua sahani chafu kwenye beseni ili nimsaidie angalau hizo. Akaninyang’anya taratibu, akazirudisha majini.

“Acha, dada. Wewe mgeni. Kaa hapo, nikupakulie.”

Nikakaa. Akaleta wali na nyama, akaninawisha mikono, nikala.